Ajali Hii Ina Kinga

Msikilizaji, mtoto akianguka kutoka ghorofani hapa Kampala, sentensi mbili huwa zimeshasemwa kabla maturubai hayajafungwa na viti vya plastiki havijashushwa kwenye lori. Ya kwanza husemwa kwa sauti, mbele za watu, wazee wakiitikia kwa kichwa: ajali haina kinga. Ya pili hunong'onwa nyuma ya hema, penye masufuria: kwani mama yake alikuwa wapi? Ukizipima, sentensi hizi hazipatani. Kama ajali haina kinga, basi mama hakuwa na la kufanya, na kuulizia alikokuwa ni kumwonea. Na kama mama angeweza kuizuia, basi kinga ilikuwepo. Lakini katika msiba huohuo, na pengine katika kinywa hichohicho, zote mbili hukaa pamoja bila kugombana, kwa sababu kazi yao ni moja: zinalisamehe jengo. Haulizi mtu reli ya roshani ilikuwa na kimo gani, wala nondo zake zimeachana kiasi gani, wala nani alipitisha ramani na nani anapokea kodi kila mwezi. Ninachotaka kusema jioni hii ni kwamba sentensi hizo mbili zinatuangusha mara mbili. Kwa sababu yao tunashindwa kumkinga mtoto wa pili, na kwa sababu yao tunashindwa kumfariji aliyempoteza wa kwanza.

Tuanze na jengo. Kwa miaka mingi Kampala ilikuwa mji wa nyumba za chini, na vyumba vya kupanga vile ambavyo Waganda huviita mizigo vilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja lenye chuma. Chuma hicho kiliwekwa kwa ajili ya mwizi. Hakuna fundi aliyekichomelea akimfikiria mtoto, ila mtoto naye alifaidika, maana dirisha lililomzuia mwizi asiingie lilimzuia mtoto asitoke. Sasa mji unapanda. Sensa ya mwaka 2024 ilikuta watu karibu milioni 1.8 ndani ya Kampala yenyewe na milioni 3.4 hivi katika Wakiso inayoizunguka, na hao wote lazima walale mahali. Ukipita Najjera, Kyanja, Kisaasi au Naalya unaziona ghorofa za kupanga, tatu, nne, tano kwenda juu, zikiwa na madirisha mapana ya kioo na aluminiamu yanayosukumwa pembeni. Mwenye nyumba anaona kuwa mwizi hawezi kupanda hadi ghorofa ya tatu, kwa hiyo chuma anakiacha kwenye ghorofa ya chini tu. Kwa habari ya mwizi amepiga hesabu sawasawa. Kwa habari ya mtoto ameipiga kinyume kabisa, kwani dirisha linalohitaji chuma kuliko yote ndilo lililo juu zaidi.

Halafu kuna roshani, na hapa inafaa tukae kidogo. Mtindo wa siku hizi ni reli ya mabomba ya stenlisi yanayong'aa, yamelazwa moja juu ya jingine kama mistari ya daftari. Mtu mzima anaona urembo. Mtoto wa miaka mitatu anaona ngazi, tena ngazi iliyotengenezwa kwa kipimo cha mguu wake. Na hata pale ambapo reli ni ya nondo zilizosimama, tazama kilichowekwa kando yake. Maji ya bomba hukatika, kwa hiyo kila familia ina jerikeni la njano la lita 20, mara nyingi mawili au matatu, na sehemu yake ya kawaida ni roshani, pamoja na sigiri, beseni la nguo na kile kibao cha kukalia. Chukua futi kamba upime. Jerikeni lililosimama lina kama sentimita 40. Reli ikiwa na mita moja, mtoto aliyepanda juu ya jerikeni amebakiwa na sentimita 60 tu mbele yake. Mtoto wa miaka mitatu ana kimo cha sentimita 95 hivi, kwa hiyo reli hiyo haimpiti kifua. Ongeza jambo ambalo kila mama aliyebeba mtoto mgongoni analijua: kichwa cha mtoto ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akichungulia kumwita mwenzake aliye chini, uzito wote uko upande wa nje. Hakuna utundu wowote hapo. Alipanda, akainama, akaita. Neti ya mbu iliyofungwa kwenye fremu ya dirisha nayo huwadanganya wengi, kwa kuwa inaonekana kama kizuizi. Neti hiyo imesukwa kwa ajili ya mdudu, na mtoto akiiegemea inatoka na fremu yake.

Kwamba kinga ipo si jambo la kubahatisha. Mwaka 1972 Idara ya Afya ya jiji la New York ilianza majaribio katika mtaa wa Bronx, mtaa wa maskini wenye ghorofa kuukuu na watoto wengi. Waliupa mpango huo jina ambalo kwa Kiswahili tungesema Watoto Hawawezi Kuruka. Walifanya mambo matatu yasiyo na maajabu. Hospitali na polisi walitakiwa kuripoti kila mtoto aliyeanguka dirishani, wahudumu walipita nyumba kwa nyumba wakizungumza na wazazi, na familia zilipewa vyuma vya madirisha bure. Kati ya mwaka 1973 na 1975 idadi ya watoto walioripotiwa kuanguka Bronx ilishuka kwa nusu. Mwaka 1976 jiji likaweka sheria: nyumba ya kupanga yenye mtoto wa miaka 10 au chini ya hapo, mwenye jengo ndiye aweke chuma dirishani. Waaustralia wa jimbo la New South Wales walikwenda njia nyingine kidogo. Wao walitaka madirisha ya ghorofa za kuishi yawe na kifaa cha kulizuia dirisha lisifunguke zaidi ya sentimita 12.5, na wakaweka tarehe ya mwisho ya kutimiza hilo, 13 Machi 2018. Waingereza katika kanuni zao za ujenzi wanataka reli ya roshani iwe na mita 1.1, isiwe na upenyo wa kupitisha tufe la sentimita 10, na mtoto asiweze kuipanda kwa urahisi. Katika hayo yote sijaona mahali palipoandikwa kwamba mama wa New York au Sydney ana macho makali kuliko mama wa Bwaise. Kilichobadilika ni dirisha.

Najua kuna anayenijibu hapo alipo kwamba mtoto anahitaji malezi, na kwamba mzazi makini hamwachi mtoto karibu na roshani. Nakubali kwamba mtoto anahitaji kuangaliwa. Lakini hesabu ni hesabu: kutoka kimo cha mita 9, ambacho ni kama ghorofa ya tatu, kuanguka hadi chini huchukua sekunde moja na kitu. Mama anayegeuka kupunguza moto chini ya ugali amegeuka kwa muda mrefu kuliko huo. Anayepanga vitambaa dukani kwenye zile arkedi za katikati ya mji, mtoto akicheza kwenye ujia wenye reli na uwazi unaoshuka hadi ghorofa ya chini, hawezi kumpokea mteja na kumtazama mtoto kwa jicho lilelile. Tungemwambia asilete mtoto kazini? Kisha amwache na nani? Mwaka 2013 na 2014, serikali ya Uganda ilipogawa vyandarua nchi nzima, hakuna waziri aliyesimama kuwaambia akina mama wakeshe wakipunga mbu kwa kanga. Tulielewa kwamba mzazi hulala, tukaweka kitu kinachokesha badala yake. Chuma cha dirishani ni chandarua cha aina hiyo. Kinafanya kazi mama akiwa macho, akiwa jikoni, akiwa mgonjwa, hata akiwa mzembe, maana mtoto wa mzazi mzembe naye hastahili kufa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wanaojua wanachosema. Wanasema nchi hii inazika watoto kwa malaria, na barabarani bodaboda zinavunja miguu kila saa, kwa hiyo kuzungumzia madirisha ni anasa ya watu wa ghorofani. Kweli mpangilio wa hatari haufanani kila mahali. Utafiti wa daktari wa upasuaji Olive Kobusingye na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001, ulilinganisha majeruhi wa mashambani na wa mjini Uganda, ukakuta kwamba kwa vifo vya majeraha, kijijini kuliongoza kuzama majini na mjini ziliongoza ajali za barabarani. Lakini fundisho la utafiti huo ni lile lile la Bronx: unapohesabu ndipo unapoona. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipotoa ripoti yao ya mwaka 2008 kuhusu majeraha ya watoto, walikadiria kwamba karibu watoto na vijana 47,000 walio chini ya miaka 20 hufa kwa mwaka kwa kuanguka, na kwamba katika vifo vyote vya watoto vitokanavyo na majeraha, asilimia 95 vinatokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mtoto anayefikishwa hospitali ya Mulago akiwa amepasuka fuvu, akiandikwa tu kuwa "ameanguka", hatujui kama ameanguka kutoka kwenye mwembe, ngazi, dirisha au kitanda. Mistari miwili zaidi kwenye fomu ya mapokezi ingetuambia. Na tofauti na malaria, ambayo lazima upigane nayo kila msimu, reli iliyochomelewa vizuri leo itakuwa palepale mtoto huyo atakapokuwa na wajukuu.

Pingamizi la tatu ni la moto, kwamba chuma cha dirishani kitawazuia watu kutoka nyumba ikiungua, nalo silichukulii kwa wepesi hata kidogo. Oktoba 2022 shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono, iliungua usiku, na watu 11 wakafa. Baada ya misiba ya namna hiyo ni haki mtu kuuliza kama tunataka kuwafungia watoto ndani kwa nondo. Jibu ni kwamba chuma cha mwizi na chuma cha mtoto ni vitu viwili, ingawa vinatoka kwa fundi mmoja. Cha mwizi kimechomelewa kikafa. Cha mtoto kinatakiwa kiwe na bawaba na komeo ambalo mtu mzima analifungua kwa ndani bila ufunguo, na mtoto mdogo halifikii. New York wenyewe walitenga madirisha yanayotokea kwenye ngazi za moto, wakakataza yasiwekewe vizuizi hivyo. Fundi wa Katwe anaweza kutengeneza dirisha la aina hiyo kwa paipu zilezile anazochomelea mageti. Tatizo ni kwamba hajawahi kuombwa. Anayekwenda kwake huwa amebeba hofu moja tu, ya mwizi, na fundi hutengeneza hofu aliyoletewa. Ukienda kwake, mwambie mambo manne: nondo zisimame, zisilale, nafasi kati yake isizidi upana wa kiganja cha mtu mzima pamoja na kidole gumba, dirisha moja katika kila chumba lifunguke kwa ndani, na komeo liwe juu.

Kuhusu gharama nitakuwa mfupi, kwa sababu wenye nyumba wenyewe wameshanijibu kwa vitendo. Chuma cha ghorofa ya chini walikilipia bila kuandikiwa barua na mtu. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inataka kibali kabla ya kujenga na kibali kingine kabla watu hawajahamia. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inataka nyumba inayopangishwa iwe inafaa kuishi binadamu. Mtoto wa miaka miwili ni binadamu. Mkaguzi anayetoa kibali cha kuhamia, awe wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, au wa manispaa ya Kira, abebe futi kamba. Kama roshani haina reli ya kimo cha kutosha, jengo halijaisha, hata likiwa limepakwa rangi.

Sasa turudi msibani, maana ndiko nilikoanzia. Nimesema kwamba swali la "mama yake alikuwa wapi" linaharibu pia faraja. Sikiliza linavyofanya kazi. Mama aliyepoteza mtoto kwa homa huzungukwa. Wanawake hulala kando yake, humwogesha, humlisha uji. Mama ambaye mtoto wake alianguka huzungukwa pia, lakini kwa jicho jingine. Polisi wameshamwandikisha maelezo. Upande wa mume una yake ya kusema. Na kama mtoto alikuwa na yaya, mara nyingi binti aliyetoka kijijini juzijuzi naye akiwa bado mtoto, basi huyo ndiye anayebebeshwa zigo lote. Tangu ile video ya mwaka 2014 iliyoonyesha yaya mmoja wa Kampala akimtesa mtoto, kila yaya mjini amekuwa mshukiwa kabla ya kuulizwa. Binti huyo ameona alichokiona, na hakuna anayempa pole. Ndugu wa marehemu, yule wa miaka sita aliyekuwa akicheza naye, anaambiwa akacheze nje. Baba anaambiwa ajikaze kiume. Kila mmoja ana fungu lake la hatia, na hatia ndiyo inayozuia watu wasizungumze ndani ya nyumba moja.

Kisha huja maneno ya kufunika. "Utapata mwingine." Msikilizaji, mtoto si kikombe. "Kazi ya Mungu haina makosa." Imani ya mtu ni tegemeo lake, na mfiwa akiyasema maneno hayo mwenyewe yana nguvu kubwa, lakini yakisemwa na mgeni ili kilio kikome, yanamzibia kinywa. Tena reli fupi haikuwa kazi ya Mungu, ilikuwa kazi ya fundi na mwenye nyumba, na mfiwa anaweza kumwamini Mungu huku akimdai mwenye nyumba. Haya si mambo ya hisia tupu. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Lancet, uliofuatilia wazazi zaidi ya 21,000 waliofiwa na watoto, ulikuta kwamba akina mama hao walikufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao, na kwamba katika miaka mitatu ya mwanzo hatari yao ya kufa kwa sababu zisizo za ugonjwa, ikiwemo kujitoa uhai na ajali, ilikuwa karibu mara nne. Miaka mitatu. Matanga yetu tunayaanua baada ya siku chache. Na kwa mtoto mdogo, ambaye kwa Waganda hana mrithi wa kusimikwa, hata lile lumbe kubwa, sherehe ya kuhitimisha msiba, linalowarudisha watu kwenye boma la wafiwa halina sababu ya kuitishwa.

Wapo wanaosema kwamba ushauri wa kisaikolojia ni mambo ya Wazungu, sisi tuna ukoo. Ingekuwa hoja nzuri kama Masaka na Rakai zingekuwa Ulaya. Katika wilaya hizo, kwenye vijiji 30, watafiti walianza kwa kuwauliza watu wenyewe wanaiitaje huzuni isiyokwisha, wakapewa maneno ya Kiganda, okwekyawa na okwekubagiza, yaani kujichukia na kujisikitikia. Kisha watu wa hukohuko, wasio madaktari, walifunzwa kwa wiki mbili, wakaongoza vikundi vya wanawake peke yao na wanaume peke yao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, na kufiwa ilikuwa moja ya mada zilizotajwa kwa jina lake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliobaki na sonona kali katika vikundi walikuwa asilimia 6.5, na kwa wale ambao hawakupata vikundi, asilimia 54.7. Hakuna dawa iliyotolewa, wala kiti cha ngozi cha daktari. Palikuwa na mkeka, muda uliopangwa, na mtu aliyefunzwa asikimbilie kusema utapata mwingine. Kama Rakai iliyokuwa imemalizwa na ukimwi iliweza, Kampala yenye makanisa, misikiti, wenyeviti wa LC1 na wahudumu wa afya wa mtaa haina kisingizio. Wahudumu haohao wanaopita nyumba kwa nyumba wakiulizia chanjo wanaweza kutupia jicho roshani, na wanaweza kurudi mwezi wa tatu na wa sita kwenye nyumba iliyofiwa.

Ndiyo maana nasema kazi hizi mbili ni moja. Mtaa unaouliza "reli ilikuwa wapi?" unapata reli, na papo hapo unamwondolea mama mzigo ambao haukuwa wake peke yake. Wazazi wengine waliofiwa hutaka jengo lirekebishwe, wapewe nafasi ya kusema hivyo kwa mwenye nyumba na kwa halmashauri bila kuambiwa wanatafuta fidia. Wengine hawataki kulisikia jengo hilo tena, wasaidiwe kuhama. Wote wawili wanastahili kusikilizwa.

Basi, msikilizaji, kabla hujalala toka roshani au fungua dirisha, na chochote mtoto anachoweza kupanda, jerikeni, kibao, kitanda kilichosogezwa ukutani, kihamishe usiku huuhuu. Kwa fundi utakwenda kesho. Na kama mtaani kwako kuna nyumba ambayo mwaka huu ilizika mtoto, pita Jumamosi hii. Usiulize ilikuwaje. Kaa, unywe chai utakayopewa, na mtaje mtoto yule kwa jina lake.